Kosa la Friji

Friji la Ruweida lilihukumiwa Jumapili, saa nne asubuhi, bila ya kupewa nafasi ya kujitetea. Hakimu alikuwa Hamdan, mtaalamu wa kompyuta, mtu wa cheti kilichotiwa kioo na kalamu mbili mfukoni. Mshitaki alikuwa Pandu, mumewe Ruweida. Ruweida mwenyewe, mwenye friji, alikuwa jikoni akiwapikia chai hakimu na mshitaki.

"Ni hili," alisema Hamdan, akalipiga friji kofi la ubavuni kama anayenunua ng'ombe. "Mota yake inatibua umeme. Umeme uliotibuka unapanda kwenye kompyuta, kutoka hapo unaingia kwenye maiki. Ndio huo mvumo wako."

"Nilijua," alisema Pandu.

Hakujua. Kwa wiki mbili alikuwa ameshaushitaki waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, feni ya msikitini, bati la jirani, na siku moja tumbo la Ruweida, kwamba linanguruma. Mvumo ukabaki pale pale. Mmmmmm. Mwembamba, hauchoki, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya mkebe.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Mradi mmoja wa afya wenye ofisi Unguja ulitaka sauti ya mwanamme wa Kipemba asome nasaha mia mbili za kupigiwa watu kwenye simu zao: chemsheni maji, laleni ndani ya vyandarua, wapelekeni watoto chanjo. Pandu, aliyewahi kusoma taarifa kwenye redio moja mpaka redio ikafungwa, alikuwa na sauti ya kumfanya mtu achemshe maji hata kama hana kuni. Sauti ilikuwa nzuri. Nyuma ya sauti ndiko alikokuwa nyuki. Bi Angelina, afisa wa mradi, alikwisharudisha kazi mara mbili kwa maneno ya adabu: "Tunaomba urekodi tena, kuna kelele." Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo kazi angepewa bwana mmoja wa Unguja, aliyesema anakijua Kipemba kwa sababu aliwahi kuoa Wete miezi minane.

Hamdan akalichomoa friji. Likatetemeka, likakohoa, likanyamaza. Pandu akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Bado upo," alisema.

"Lazima uwepo," alijibu Hamdan, wala hakutahayari. "Friji la miaka mitatu hilo. Umeme wake umeshatuama ndani ya kuta. Hata ukilizima, kuta zinaendelea. Litolewe ndani ya nyumba kabisa, halafu uziache kuta zipumzike."

"Zipumzike," alirudia Ruweida, akiweka sinia ya chai. "Na zikishapumzika nizipikie uji?"

"Ruweida! Mtu amesomea huyu."

Hukumu ikatoka hapo hapo, pamoja na tarehe ya utekelezaji. Alkhamisi asubuhi gari la abiria la Kengeja lingepita Tibirinzi, mtaani kwao, kulipakia friji, kulipeleka kwa Rahila, dada yake Pandu, aliyekuwa akiliulizia friji hilo hata kabla ya kompyuta kuingia nyumbani. Lingekaa huko mpaka kazi iishe. Ruweida alimjua wifi yake. Sufuria ya pilau ilikwenda kwa Rahila kwa siku mbili mwaka juzi, na bado ilikuwa haijamaliza siku mbili zake.

Friji hilo Ruweida alilinunua kwa mchezo wa upatu, yeye na wanawake kumi na moja, akisubiri zamu yake kama anayesubiri meli. Lilitoa barafu za ukwaju na za ubuyu, zikanunuliwa dirishani na watoto wa skuli. Katika nyumba nzima, kitanda, makabati na hata mlango, friji ndicho kitu pekee ambacho Ruweida hakumwambia mtu "ahsante" kwa kukipata. Sasa lilikuwa limesimama gizani, mdomo wazi, maji mekundu ya ukwaju yakitiririka sakafuni.

Alichukua tambara akafuta.

*

Chumba cha kurekodia kilikuwa chumba chao cha kulala. Pandu alikuwa amesimamisha godoro ukutani, ametundika mablanketi mlangoni, na kompyuta ya mezani ameiweka juu ya cherahani. Ukuta wa pili ulikuwa wa chumba cha Bi Mwanawema, mama yake Pandu, aliyekuwa ndani ya eda. Mumewe alikuwa amefariki, huu ni mwezi wa tatu, na yeye hatoki nje mpaka siku zake zitimie. Kwa hiyo nasaha zote mia mbili alikuwa amezisikia, nyingine mara ishirini, na kwa umri wake wa miaka sabini na tatu alikuwa sasa anajua kila kitu kuhusu kunyonyesha.

Jumatatu Pandu aligundua jambo. Akiweka kiganja juu ya kasha la chuma la kompyuta, nyuki anapunguza sauti. Akiondoa, nyuki anarudi. Basi akawa anasoma amelishika kasha kama shahidi anayekula yamini, mkono mmoja kwenye chuma, mkono mmoja kwenye karatasi, jasho linamwagika, maana feni nayo imezimwa.

"Nasaha ya arubaini na moja," alisoma. "Waume, nshauriane na wake zenu kabla hamjakata neno la nyumbani."

Akasikiliza. Akatikisa kichwa. Akasoma tena. Ruweida, aliyekaa mlangoni kwa amri ili kuku wasipite, aliisikia nasaha ya arubaini na moja mara kumi na moja.

"Pandu!" ilisikika sauti ya Bi Mwanawema kutoka ng'ambo ya ukuta. "Hao unaowaambia washasikia, mwanangu. Wewe je?"

"Mama, narekodi!"

"Rekodi basi. Mie nauliza tu."

Pandu alipovua hedifoni kupumzika, Ruweida alimwambia: "Lile kasha lina jambo. Jana nilikuwa napiga deki, miguu mitupu, sakafu majimaji. Nililigusa likanitekenya."

"Likakutekenya."

"Vidoleni. Kama sisimizi."

Pandu alicheka kwa ile sauti yake ya redio, kicheko kizima, chenye mwanzo na mwisho. "Kompyuta haina utani na mtu, Ruweida. Hamdan kakaa nayo asubuhi nzima, haikumtekenya."

"Hamdan alivaa viatu."

"Haya, mtaalamu. Na wewe cheti chako tukitie kioo?"

Ruweida aliinuka. Dirishani alisimama mtoto wa kike na shilingi mia mbili kiganjani. "Barafu hakuna," alimwambia. Mtoto akauliza lini zitakuwepo. "Muulize huyo wa ndani," alisema Ruweida, "yeye ndiye anayetoa taarifa."

*

Jumatano Pandu alikwenda mjini Chake kutafuta kamba ya kufungia friji. Alipoondoka tu, Ruweida alimpigia simu Ishak.

Ishak alikuwa fundi redio, mtu wa Fundo, binamu wa mama yake Ruweida. Hakuwa na cheti. Alikuwa na mkoba wa turubai na bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Pandu hakumpenda kwa sababu aliwahi kumwambia kwamba redio iliyofungwa haikufungwa kwa fitina, ilifungwa kwa kukosa wasikilizaji.

"Inavuma vipi?" aliuliza.

"Mmmmm."

"Daima, au inakuja na kuondoka?"

"Daima. Akilishika kasha inapungua. Na mimi kasha limenitekenya, mjomba."

Ishak alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeambiwa jambo la maana. Aligusa kasha kwa ncha ya bisibisi. Kitaa kikawaka. Alichomoa plagi ya kompyuta, akahesabu meno matatu, yote mazima. Alifungua soketi ukutani, akauona waya wa kijani mahali pake. Akaufuata waya huo mpaka kwenye mita, kutoka mita mpaka nje, nyuma ya nyumba, unapoteremka ukutani kuelekea chini. Ulifika dhiraa moja kutoka ardhini, ukakatika. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kama ndoana, na kwenye ndoana lilining'inia tambara la kusugulia masufuria.

Ruweida aliona haya. Miezi mitatu alikuwa akilitundika hapo, na kila siku akimshukuru Mungu kwa msumari.

"Hii ndiyo ethi," alisema Ishak. "Umeme uliopotea njia lazima upewe pa kushukia. Waya huu hufungwa kwenye chuma cha shaba kilichopigiliwa ardhini. Chuma hakipo. Basi umeme umekaa kwenye kasha la kompyuta, hauna pa kwenda, unaimba."

"Friji je?"

"Friji lina nini?"

Ruweida alitaka kumbusu mjomba wake mikono.

Ishak alichuchumaa, akagusa udongo. Ulikuwa laini kuliko wa pembeni, na majani yaliyoota juu yake yalikuwa machanga. "Hapa pamechimbwa," alisema. "Nani alichimba?"

Ruweida alipatazama mahali penyewe, akalielewa swali. Hapo ndipo ulipochimbwa ufuo, shimo la kupokea maji aliyooshewa mkwewe kabla ya kuzikwa. Tangu siku ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyepakanyaga; hata yeye tambara alilitundika kwa kunyoosha mkono kutoka pembeni.

*

Mzee Ame ndiye aliyekuwa akiongoza uchimbaji wa mtaa, kaburi na ufuo, na alikuwa akijiheshimu kwa kazi hiyo kuliko waziri. Ruweida alimkuta barazani kwake, amekaa juu ya jamvi akichambua karafuu. Walisalimiana, wakaulizana hali ya wagonjwa, ya wazima, ya mvua. Kisha Ruweida akaona hakuna njia ya kulifikia jambo lile ila kuliingia.

"Mzee Ame, siku ile ya mkwe wangu, mlipochimba ufuo, mlikikuta chuma?"

Mkono wa mzee ulisimama juu ya karafuu. Katika nyumba ya pili, wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha kutwanga, wote kwa pamoja, kama walioamrishwa.

"Bi Ruweida. Nnechimba ufuo wa mkweo. Nnechimba kaburi la mkweo. Nneingia kaburini kunpokea kwa mikono yangu hii. Leo mwezi wa tatu waja kwangu, watu wasikia, waniuliza chuma?"

"Sikusema umechukua."

"Bali umesema nini?"

Ruweida aliangalia njia aliyojia. Angeweza kuomba radhi na kurudi nyumbani, na friji likaenda Kengeja. "Nimeuliza mlikikuta," alisema. "Basi. Kama hamkukikuta, niambie hamkukikuta, niondoke."

Mzee Ame alitazama nyumba ya pili mpaka mchi ukaanza tena kulia. Kisha akashusha sauti.

"Tulikikuta. Katikati ya ufuo. Nkamwita Pandu. Nkamwambia, yakhe, hichi cha umeme, natusogee hatua mbili. Alikuwa analia. Akapiga ukelele, watu wote wakasikia: 'King'oeni! Baba yangu haoshwi juu ya chuma cha umeme!' Ntu kafiwa, hujibizani naye. Tukakata waya, tukang'oa."

Ruweida alikaa chini, pembeni mwa jamvi, bila ya kukaribishwa.

"Mbona hamkusema?"

"Nkamwambie lini? Kwenye khitma? Kwenye arubaini? Nnende kwa ntu na chuma mkononi, nmwambie siku ile ukimlilia babako ulikosea? Nkasema atakumbuka mwenyewe. Akumbuke wapi! Nasikia anashughulika na friji."

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna," alisema Mzee Ame. "Sisi tuliochimba tu. Watu sita." Akafikiri. "Na wake zetu."

Basi mtaa mzima ulijua. Wote walikuwa wakipita mlangoni, wakimsikia Pandu akilitukana friji, wakatoa salamu kwa heshima na kwenda zao.

Mzee Ame aliinuka, akaenda nyuma kwenye banda la kuku, akarudi na chuma kirefu cha rangi ya shaba, kimefungwa kwa kipande cha gunia. Hakikuwa na vumbi. Alikuwa akikifuta.

*

"Mama," alisema Ruweida, amepiga magoti kando ya kitanda cha Bi Mwanawema, "Ishak anataka kupigilia chuma cha umeme kule nyuma. Kile kilichong'olewa siku ile. Lakini ni karibu na pale."

Bi Mwanawema alikuwa akivuta tasbihi. Aliimaliza duru yake kwanza.

"Nilimsikia Pandu siku ile," alisema. "Nilikuwa hapa hapa dirishani. Nikawaza, huyu anamlilia babake au anagombana na chuma? Sikujua kama kina kazi." Alivuta tembe mbili tatu. "Pigilieni. Kando, si pale penyewe. Mume wangu amekufa, mwanangu, hakwenda na umeme wetu."

Ishak alipima hatua mbili, zile zile alizotaka Mzee Ame, akapigilia kwa nyundo. Kila pigo lilitetemesha ukuta. Akaunga waya, akaagiza ndoo ya maji, akaimwaga pale ardhini ili udongo ukishike chuma vizuri. Alikuwa ananawa mikono Pandu alipotokea na kamba yake begani.

"Nini hichi?" aliuliza, kisha akakitambua chuma, akageuza macho.

"Vaa hedifoni," alisema Ishak.

Pandu alivaa. Akafumba macho, akayafumbua. Akainamia kompyuta kama mtu anayetafuta pete majanini. Ishak akaingia ukumbini, akachomeka friji. Likatetemeka, likaanza kunguruma. Pandu akasikiliza. Akafungua mlango wa chumba friji lisikike zaidi. Maiki ilileta mngurumo mdogo wa mbali. Akafunga mlango, ukaisha. Nyuki hayupo. Hakuwa amepungua, hakuwa mbali. Hayupo.

"Unajua," alisema Pandu, akivua hedifoni polepole, "hata mimi nilikuwa naelekea huko kwenye ethi."

Ishak alimtazama Ruweida, akafunga mkoba wake, akasema ana redio za watu dukani.

Pandu alisoma toka alasiri mpaka isha, nasaha zote mia mbili, na mikono yake yote miwili ikiwa huru. Alisoma vizuri mno. Hata ya arubaini na moja aliisoma mara moja tu. Akazituma. Ruweida alikuwa amekaa ukumbini, anangoja neno moja: kwamba gari la Kengeja halitakuja. Pandu alitoka, akanywa maji, akalitazama friji. Halafu akalichomoa.

"Kwa tahadhari," alisema.

"Tahadhari ya nini? Umeshasikia mwenyewe."

"Rahila nimeshamwahidi. Gari nimeshalisemea. Nitawaambia watu nini?"

Hapo Ruweida alifahamu. Friji likibaki, watu watauliza kwa nini limebaki. Wakiuliza, jibu lina ukelele wake Pandu ndani yake. Friji likienda, basi friji ndilo lililokuwa na kosa, na mambo yamekwisha.

*

Gari lilipiga honi saa mbili na robo. Wachukuzi wawili waliingia, wakalizungushia friji kamba, mmoja huku mmoja kule. Abiria walikuwa wanapiga kelele garini kwamba wanacheleweshwa kazini. Simu ya Pandu ikalia. Alipoona jina la Bi Angelina alifungua spika, maana sifa ikija wachukuzi nao waisikie.

"Bwana Pandu, habari za asubuhi? Tumesikiliza. Sauti safi kabisa! Tumeipokea kazi yako yote."

"Alhamdulillahi," alisema Pandu, na kifua kikapanda.

"Sasa naomba unisaidie. Tuna wasomaji wengine, mmoja Tumbatu, mmoja Makunduchi. Wana mvumo kama wako. Niambie, kwako tatizo lilikuwa nini, niwaandikie leo hii?"

Wachukuzi walisimama kusikiliza. Pandu akakohoa.

"Friji," alisema. "Mke wangu ana friji. Tumeliondoa."

"Ahaa! Kumbe mafriji. Basi nitawaandikia wayaondoe."

Ruweida aliwaona wanawake wawili asiowajua, mmoja Tumbatu, mmoja Makunduchi, kila mmoja na tambara mkononi, anafuta maji sakafuni. Alikwenda akakaa juu ya friji, ambalo halikumpita kiuno. Mchukuzi wa mbele akaiachia kamba kwa heshima ya mke wa mtu.

"Mwambie," alisema Ruweida.

Pandu alimkodolea macho, akamfanyia ishara ya kunyamaza.

"Pandu!" Sauti ilitoka nyuma ya pazia la Bi Mwanawema. "Mimi nilikuwapo dirishani siku ile. Nisije nikalitoa neno mie!"

"Halo?" alisema Bi Angelina. "Bwana Pandu? Kuna watu hapo?"

"Kuna... kulikuwa na chuma," alisema Pandu, mdomo mbali na simu. "Cha ethi. Kiling'olewa."

"Sijasikia. Kilifanywa nini?"

"Kiling'olewa. Na wachimbaji."

"Pandu," alisema Ruweida, bila ya kupandisha sauti. "Mzee Ame kakipangusa vumbi chuma kile miezi mitatu ili asikutie aibu. Usimtie yeye."

Honi ililia nje. Pandu alitazama mlango, akatazama pazia, akatazama kamba aliyoinunua mwenyewe. Alisema jambo akiwa ameinamia kifua chake.

"Samahani sana, Bwana Pandu, hilo silisikii kabisa. Naomba urudie."

Akavuta pumzi. Na kwa kuwa hakujua tena namna nyengine ya kurudia jambo, alilisema kwa sauti ya kazi, ile iliyonyooka, kila neno mahali pake, abiria wa Kengeja wakanyamaza garini:

"Chuma cha ethi niliamuru mimi king'olewe. Nilikosea mimi. Friji la mke wangu halina kosa."

Upande wa pili ikasikika kalamu ikiandika.

"Hiyo imesikika vizuri sana," alisema Bi Angelina. "Ahsante. Nitawaandikia hivyo hivyo."

Simu ikakatika. Mchukuzi mmoja alijikuna shingo. "Basi twapakia au hatupakii? Watu wana kazi zao."

 Pandu alimwonyesha Ruweida kwa kidevu, kama mtu anayewaelekeza wageni kwa mwenye nyumba.

"Fungueni kamba," alisema Ruweida. "Mpelekeeni Rahila salamu. Mwambieni na sufuria yangu naitaka."

Alishuka, akachomeka plagi. Friji likatetemeka, likakohoa, likaanza kunguruma kwa sauti yake yote. Pandu akaokota kamba yake, akaanza kuikunja. Ruweida akaingia jikoni kuroweka ukwaju.